Simu Zilizolazwa Kifudifudi

Kanali Kunda alimsukumia karatasi hata kabla hajavuta kiti.

"Saini apa chini, Inspectrice. Avion iko ya après-midi."

Inspekta Martine Ntumba wa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, aliketi, akavaa miwani, akaisoma karatasi polepole kwa makusudi, kwa kuwa alichukia kukimbizwa. Karatasi ilisema kwamba Mumbere, mfanyabiashara wa mtaa wa Katuba, mzaliwa wa Butembo, alikuwa kiongozi wa kikundi cha siri kinachotumia intaneti kuvuruga usalama wa taifa, na kwamba anapelekwa Kinshasa. Ilikosa kitu kimoja tu, sahihi ya afisa wa mahakama aliyemsikiliza mshukiwa. Ndiyo waliyomwitia. Wote wawili walijua kwamba mtu akipandishwa ndege hiyo ya mchana harudi upesi, na kwamba wengine hawajarudi mpaka leo.

"Nitamusikiliza kwanza," Martine alisema. "Kisha njo niandike kama nimemusikiliza."

"Utamusikiliza nini? Machine imesha sema yote. Michée, muonyeshe."

Michée ndiye aliyekuwa injinia wa pale, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, na ndiye pekee katika Seli ya Mitandao aliyejua kuendesha hizo mashine. Seli yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya ghorofani katikati ya mji wa Lubumbashi, vyenye baridi ya kutengenezwa na jenereta isiyozimwa. Kilichoizindua ni picha moja. Ukurasa wa Facebook uitwao Robinet ya Katuba ulionyesha lori la maji likijaza bwawa la kuogelea la villa moja kule Golf, mtaa wa matajiri, wakati mabomba ya Katuba yalikuwa yakitoa upepo. Mwenye villa alikasirika. Hasira za wakubwa huteremka ngazi mpaka zimpate wa kuzitumikia, na hizi zilimpata Kanali Kunda. Kwa kuwa mwenye ukurasa hakujulikana, Seli iliamua kumfuata kila mtu aliyeisambaza ile picha, simu yake iko wapi mchana na inalala wapi usiku.

"Kila muntu?" Martine aliuliza. "Na juge gani alitoa ruhusa?"

"Ile ni sécurité. Sécurité haiombake ruhusa."

"Constitution inalinda siri ya bantu, mon colonel. Barua, telefone, yote."

"Nani anakataa? Sisi hatusomake messages ya bantu."

Michée alikohoa.

"Hatusomake zote," Kanali akajisahihisha.

Kwenye kioo, Michée aliwasha ramani ya Katuba. Vidoti thelathini na kitu vilitokea huku na huku, vikaanza kusogea. Asubuhi vilitoka kila pembe ya mtaa vikaingia nyumba moja, nyumba ya Mumbere. Jioni vilitawanyika. Ilikuwa hivyo kila siku isipokuwa Jumapili.

"Na mule ndani banasemaka nini?"

"Njo kintu kinatushangaza, Inspectrice," Michée alijibu. "Habasemake. Habapigake telefone, habatumake message. Asubuhi mpaka mangaribi, silence."

"Discipline," Kanali alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima. "Ile ni discipline ya bantu ya maquis, baasi ya mu pori."

Martine alimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Martine alikuwa ameketi makanisani, kwenye vilio, mbele ya majaji wakali, na hakuwahi kuona watu thelathini wa Lubumbashi ndani ya chumba kimoja wakakaa hata robo saa bila mmoja wao kuitikia simu. Hawa walikaa siku nzima.

"Mulifika mu ile nyumba?"

"Leo bubuchi, mbele ya jua kutoka. Kuko boutique mbele, na nyuma kuko salle de réunion, chumba ya mukutano. Mabao marefu ku ukuta yote."

"Viti?"

"Apana."

"Basi bantu makumi tatu banasimamaka siku muzima, banaangaliana, banyamaza."

"Si nimekuambia, discipline." Kanali alifungua mfuko wa plastiki akamwaga vitu mezani. "Na izi njo kadi za bamembres."

Vilikuwa vipande vya katoni, kila kimoja na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kila kimoja na mpira wa kufungia uliopitishwa kwenye tundu. Martine alivua miwani akajisugua macho kwa muda. Kisha akachukua namba kumi na saba, akaomba apelekwe kwa mshukiwa.

Mumbere alikuwa chini, kwenye stoo ya vitu vya ofisi, ameketi juu ya katoni ya karatasi kando ya meza ndogo. Mtu mzima, mfupi, wa kanda mbili na suruali ya kulalia, kwa maana walimchukua bado hajavaa. Alisimama alipomwona mwanamke.

"Jambo, papa Mumbere. Mimi ni Inspectrice Ntumba, wa parquet. Unajua juu ya nini balikukamata?"

"Sijue, maman."

"Ile chumba ya nyuma ni ya nini?"

"Ya kuweka sabuni."

"Na mabao?"

"Juu yake njo kunakaaka sabuni."

"Na iyi?" Aliweka kile kipande cha katoni mezani.

"Ni michezo ya batoto."

Martine alivuta pumzi. Ghorofani kulikuwa na kanali aliyeona jeshi ndani ya boutique, na huku chini kulikuwa na mtu anayesubiri ndege ya Kinshasa akimdanganya habari za sabuni. Hakujua ni yupi kati yao aliyemuudhi zaidi.

Mumbere alikuna kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Maman Inspectrice, amende yake itakuwa ngapi?"

"Amende ya nini?"

Akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye kanda mbili zake.

Martine hakumsukuma. Mtu anayejua kwamba anashtakiwa kwa kuvuruga taifa haulizi faini. Huyu alikuwa na kosa lake dogo kichwani, na alikuwa analilinda kwa nguvu zote huku shoka likimjia kutoka upande mwingine. Martine akatoa simu yake mfukoni, akauvuta ule mpira wa namba kumi na saba akauvisha simu. Ulikaa sawasawa, wala haukulegea wala haukukaza. Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama juu.

Mkono wa Mumbere ulitoka wenyewe. Uliichukua simu kwa vidole viwili, ukaigeuza kifudifudi, ukailaza taratibu. Ndipo Mumbere alipoona alichokifanya, akaurudisha mkono mapajani.

"Unatiaka matelefone ya bantu ku charge," Martine alisema.

Mumbere aliugeukia mlango.

"Katuba haina courant, kila muntu anajua. Wewe unaitosha wapi?"

Mumbere alianza kuzihesabu katoni zilizomzunguka.

"Papa, sikia muzuri. Bale bantu ya juu habana habari na kamba yako ya courant. Bako nakupeleka Kinshasa kwa kupindua inchi."

"Kamba gani?" Mumbere aliuliza.

Martine alichukua simu yake akaondoka, kwa kuwa angekaa pale angesema maneno ambayo afisa wa mahakama haruhusiwi kumwambia mshukiwa.

Alifika Katuba kwa teksi. Boutique ilikuwa wazi. Nyuma ya kaunta alisimama Perpétue, mke wa Mumbere, kitambaa kimefungwa kichwani, macho mekundu. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba mwanamke wa serikali ameshuka kwenye teksi, kwa hiyo alikuwa tayari na jibu kabla ya swali.

"Apa tunauzishaka sabuni na bunga tu, maman."

"Nimesikia."

Martine akaegemea kaunta akasubiri. Akaingia mwanamke mmoja, simu mkono mmoja na chaja mkono mwingine. Alimwona Martine, akasita, akaomba sabuni. Baada yake mzee wa koti, simu na chaja, naye akaomba sabuni. Wa tatu aliomba sabuni kabla hata hajavuka kizingiti.

"Leo mutaa muzima uko nafua," Martine alisema.

Perpétue hakucheka. Martine akaomba kuingia chumba cha nyuma. Mabao yalikuwa yamefagiliwa, yakang'aa, na hakuna hata mche mmoja wa sabuni juu yake. Kwenye ukuta, kwa nafasi zilizo sawa, kulikuwa na matundu ya misumari pale soketi zilipong'olewa. Kwenye kona kulikuwa na beseni la nguo chafu, na chini ya nguo soketi na kamba ya umeme iliyozungushwa vizuri, ncha yake ikiwa imekatwa asubuhi hiyo.

"Mama Perpétue, leo après-midi bako nabeba bwana yako ku avion. Kinshasa."

Perpétue aliketi juu ya gunia la unga. "Juu ya courant? Balikuya na bunduki juu ya courant?"

"Haiko juu ya courant. Habajue habari ya courant. Banafikiri apa ni maquis. Kama unanificha, nitashindwa kumusaidia."

Basi akasema yote. Kamba ilitoka kwenye nguzo ya barabara kubwa, ambako umeme haukatwi kwa sababu ya villa za mbele. Mumbere aliipandisha mwenyewe. Watu walileta simu asubuhi wakienda kazini, wakazichukua jioni, na kila simu ilipewa namba.

"Na juu ya nini hamuzizimake?"

"Bantu banakataa. Muntu iko na mutoto Sakania, iko na bwana ku mine, anaogopa bamuite bamukose. Akirudia anaona nani alimuita."

"Na kuzilaza kifudifudi?"

"Ile ni sheria ya Mumbere." Perpétue alijifuta uso kwa kitambaa. "Telefone ikiita, jina inatokea. Ye anasemaka, ukisoma ile jina, umesha ingia mu nyumba ya muntu bila kubisha hodi. Alinifukuza mule ndani siku moja juu nilisoma. Mimi, bibi yake."

Martine aliyageukia mabao matupu. Aliona haya kidogo, na hakujua ni kwa niaba ya nani. Kisha akaomba kamba ile irudishwe mahali pake.

"Maman, unanitega?"

"Kama ningekuwa nakutega, singekuya peke yangu mu taxi."

Perpétue alipandisha kamba, akaifunga soketi moja. Martine akampa simu na chaja yake. Mama yule alitafuta kipande cha katoni kilichosalia, namba arobaini, akaifunga, akaichomeka, akailaza kifudifudi peke yake juu ya bao refu. Martine akarudi mjini bila simu, na njia nzima mkono wake ukawa unaenda mfukoni kutafuta kitu kisichokuwemo.

Kanali Kunda alimpokea mlangoni mwa Seli, uso unametameta.

"Inspectrice, ulikuwa wapi? Tangu tunakuita, hauitike. Tumemupata chef mukubwa!"

"Mumbere haiko chef tena?"

"Mumbere alikuwa mudogo. Tangu bubuchi ile nyumba ilikuwa tupu, membres bote balikimbia. Halafu, apa kati, moja ameingia. Peke yake. Silence ileile. Anasubiri bantu yake. Michée, soma fiche."

Michée alisoma, na Martine akasikiliza amesimama. Simu ya mshukiwa ililala kila usiku karibu na mzunguko fulani, nyumba ya tatu. Asubuhi ilikwenda parquet.

"Ku parquet," Kanali alisema kwa uchungu. "Baliingia mpaka kule."

Jumapili ilikwenda misa ya kwanza, kisha ikakaa mchana wote kwa mama mzee mmoja katika mtaa wa Kenya, humohumo mjini. Mwaka jana ilikaa hospitali majuma mawili, upande wa upasuaji. Michée aliyasoma haya kwa sauti ya mtu anayesoma bei za soko. Martine alikumbuka kitanda kile cha hospitali, na kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote ofisini. Alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, na aliiacha ipande.

"Na numéro?" aliuliza.

Michée alianza kuitaja. Katikati Martine akaidaka, akaimalizia yeye mwenyewe mpaka tarakimu ya mwisho, bila kutazama kioo. Michée alitazama kioo, akamtazama yeye, akatazama kioo tena.

"Telefone yangu iko ku charge," Martine alisema. "Kwa Mumbere. Na zile zingine zote zilikuwa ku charge. Ile discipline yenu ni matelefone yenye kulala juu ya bao. Ile kadi ni ya kujua telefone ya nani ni gani. Bantu makumi tatu habasemake kitu juu habakuwa mule hata moja."

Jenereta ilinguruma nje. Kanali alikwenda dirishani, mikono nyuma. Martine alidhani ameona aibu, na karibu amhurumie. Lakini Kanali alipogeuka alikuwa anatabasamu.

"Kumbe matelefone ya mutaa muzima inapita mu mikono ya muntu moja," alisema. "Na zinakaa wazi siku muzima. Mulete Mumbere."

Ndipo Martine alipoelewa kwamba alikuwa amemkabidhi huyu mtu zawadi. Alitaka kuyameza maneno yake yote, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

Mumbere aliletwa, kanda mbili zikipiga sakafu. Kanali alimvutia kiti, akamwita baba. Alimweleza kwa upole kwamba kulikuwa na kosa dogo, kwamba ataenda nyumbani leo, kwamba kamba yake ya umeme hakuna atakayeigusa. Michée angemletea chaja zingine, za kisasa, na kila simu itakayochomekwa humo ingetoa kila kilicho ndani yake bila mwenyewe kujua. Mumbere angefanya kazi yake kama kawaida.

"Na kama nakataa, mon colonel?"

"Avion ingali pale."

Mumbere aliangalia miguu yake. Tangu alfajiri alikuwa amekana nguzo, kamba na mabao. Kisha akageukia upande wa Martine.

"Maman Inspectrice, we ni wa parquet?"

"Ndiyo, papa."

"Basi andika. Mimi ni mwizi ya courant. Nilipanda ku poteau, nikaunganisha kamba, nikaiba. Miaka mingi. Bibi yangu hakupanda, ni mimi. Andika na ile chumba ifungwe na cachet ya serikali, hata telefone moja isiingie tena."

Martine alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Aliandika kila neno, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mkono wake haukuwa na uzito. Kanali aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Uyu ni muntu yangu."

"Alikuwa. Sasa amekubali wizi mbele ya officier wa parquet, njo dossier imekuwa ya juge. Lakini kama unataka aende Kinshasa, sikatae. Nitasaini." Alichomoa ile karatasi ya asubuhi. "Nitaandika tu mu procès-verbal kama chef mupya wa maquis ni Inspectrice Ntumba, na kama Michée alisoma fiche yake mbele yako. Bakubwa kule batapenda kusoma."

Kanali aliuondoa mkono. Michée alikuwa ameinama juu ya kibodi akijifanya anatafuta kitu.

Jioni, Mumbere alikuwa katika mahabusu ya parquet, mahali pabaya kama mahabusu yoyote, lakini penye jaji, na tarehe, na mlango wa kutokea. Martine alirudi Katuba na karatasi za serikali na gundi. Aliufunga mlango wa chumba cha nyuma mwenyewe, akabandika, akapiga muhuri. Wateja waliosimama nje na chaja zao walimtazama kwa chuki, na hakuwalaumu. Kesho wangetafuta mwingine wa kumwachia simu, na hakuna aliyejua huyo mwingine angekuwa mtu wa namna gani.

Perpétue alimsubiri kwenye kaunta. Alikuwa ameitoa simu kabla ya mlango kufungwa. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kifudifudi, namba arobaini bado imefungwa mgongoni.

"Iliita," alisema. "Iliita sana."

"Ilikuwa nani?"

Perpétue alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya watu.

"Maman, mi nitajua namna gani? Haiko telefone yangu."